Kumlea kiongozi Mlatino wa shule: mwongozo wa miaka miwili kwa walezi wa California

Katika mwaka wa masomo 2020–21, Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, walikuwa karibu asilimia 28 ya wanafunzi wa shule za umma Marekani, lakini asilimia 9 tu ya wakuu wa shule. Kwenye kiti cha msimamizi mkuu wa wilaya ya shule, yaani eneo lenye shule, bajeti na bodi yake, ni wachache zaidi. California, ambako zaidi ya nusu ya wanafunzi ni Walatino, chama cha viongozi Walatino wa shule, CALSA, huwaunganisha viongozi wachanga na wazoefu. Kitaifa kuna chama kama hicho, ALAS. Mwongozo huu ni wa mlezi, yaani kiongozi mzoefu aliyekubali kumwongoza mwanagenzi mmoja, awe naibu mkuu wa shule au mkurugenzi wa idara wilayani. Mifano yote ni ya California kwa kuwa sheria za elimu hutofautiana jimbo hadi jimbo, na malezi yasiyojua tarehe za sheria huishia kuwa maongezi ya kahawa.

Usimlee mtu wa wilaya yako mwenyewe. Mwanagenzi hawezi kukwambia kwamba haielewi bajeti, au kwamba bosi wake humdharau mbele ya walimu, ikiwa Ijumaa wewe na bosi huyo mnakaa meza moja. Wala usijichanganye na kocha wa leseni. Mwenye leseni ya awali ya uongozi hupitia mafunzo ya miaka miwili akiwa kazini ili apate leseni kamili, na kocha wake huko hukusanya ushahidi wa maendeleo yake. Mlezi haandiki ripoti kwa yeyote, na hilo lisemwe siku ya kwanza.

Usioanishe watu kwa majina ya ukoo pia. Mjukuu wa Wameksiko aliyekulia Fresno bila Kihispania na mwanamke aliyefika Los Angeles kutoka El Salvador akiwa mtoto hawabebi mzigo mmoja. Wa kwanza huona haya anapoombwa kuwahutubia wazazi kwa Kihispania. Wa pili huchoshwa na watu wanaosikiliza lafudhi badala ya hoja. Oanisha kwa kazi inayotafutwa: anayetaka kuwa msimamizi mkuu alelewe na aliyewahi kuikalia nafasi hiyo. Kabla ya kukubali, muulize kazi anayoitaka baada ya miaka mitano, kazi ambayo hajawahi kupewa, na swali ambalo asingependa kuulizwa mbele ya bodi.

Makubaliano yaandikwe kwenye ukurasa mmoja. Kikao cha dakika 90 kila mwezi kinatosha, ana kwa ana inapowezekana, na simu ya dakika 20 kila wiki katika Agosti na Septemba, miezi ambayo viongozi wapya huzama. Andikeni pia mipaka ya siri: usalama wa mtoto haufichwi, kwani sheria inawalazimu watumishi wa shule kuripoti wanaposhuku mtoto ananyanyaswa. Baada ya miezi mitatu kila mmoja awe huru kujitoa bila kudaiwa maelezo.

Mtaala wenu ni kalenda ya wilaya. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na kufikia siku hiyo bodi iwe imepitisha bajeti pamoja na mpango unaoitwa LCAP, unaoeleza malengo ya wilaya na fedha za kuyafikia. Wilaya hutoa ripoti ya kwanza ya hali ya fedha kabla ya Desemba 15 na ya pili kabla ya Machi 15; gavana hutoa pendekezo la bajeti mapema Januari na kulirekebisha katikati ya Mei. Kwa hiyo Januari kaeni na ripoti ya Desemba ya wilaya ya mwanagenzi. Chini ya mfumo wa jimbo wa kugawa fedha za shule wa mwaka 2013, wilaya hupata asilimia 20 juu ya kiwango cha msingi kwa kila mwanafunzi anayejifunza Kiingereza, wa familia yenye kipato kidogo, au anayelelewa na familia ya kambo chini ya serikali. Wanafunzi hao wakizidi asilimia 55, huja fungu jingine. Muulize: fungu hilo limenunua nini shuleni kwako? Akishindwa kujibu kwa sentensi tatu, hiyo ndiyo kazi yake ya mwezi ujao.

Machi 15 ina makali mengine. Ni siku ya mwisho kwa wilaya kumpa kiongozi barua kwamba huenda akaondolewa kwenye nafasi yake mwaka unaofuata. Kiongozi hana ajira ya kudumu kwenye cheo; aliyekuwa mwalimu wa kudumu wilayani humo hurudi darasani, lakini aliyehamia kutoka wilaya nyingine huenda asiwe na pa kurudi. Hesabu hiyo ifanywe kabla hajakubali cheo kipya. Na ifikapo mwishoni mwa Januari muulize kama tathmini yake ya kati ya mwaka ipo kwa maandishi. Sifa za mdomoni hazimkingi mtu mwezi Machi.

Bodi hufundishwa kwa mazoezi. Ajenda ya kikao cha kawaida hubandikwa saa 72 kabla, kwa hiyo mna siku tatu za kujua nani ataguswa na nini. Mpe dakika tatu na slaidi zisizozidi tatu, kisha wewe uwe mjumbe mkorofi: “Kwa nini watoto wenu hukaa miaka sita bila kuvuka kundi la wanaojifunza Kiingereza?” Wengi hujibu kwa kujitetea, au husimulia maisha yao wenyewe. Jibu zuri hutaja vigezo vinne vya jimbo, yaani mtihani wa Kiingereza uitwao ELPAC, tathmini ya mwalimu, maoni ya mzazi, na ulinganisho wa stadi za msingi. Kisha husema wanafunzi wangapi wamekwama kwenye kigezo kipi na nani anakishughulikia kabla ya Juni. Rudieni mpaka litoke ndani ya sekunde 60 bila karatasi.

Sasa mzigo usioandikwa popote: ukalimani. Simu ya mzazi ikilia, mwalimu hupitia mlangoni, “Njoo unisaidie kidogo.” Kidogo hicho kikirudi mara sita kwa siku, ukaguzi wa madarasa haufanyiki, halafu tathmini husema kiongozi huyu haonekani madarasani. Mwanagenzi aandike kwa wiki mbili kila ombi: saa, dakika, nani kaomba. Ajumlishe, kisha apeleke kwa bosi takwimu pamoja na pendekezo la mkalimani wa kulipwa. Asiende na malalamiko matupu. Wajibu ni wa taasisi: asilimia 15 ya wanafunzi wa shule wakiwa wa lugha moja isiyo Kiingereza, taarifa kwa wazazi sharti ziandikwe kwa lugha hiyo pia. Uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols wa 1974, uliotokana na watoto wa asili ya Kichina San Francisco, ndio msingi wa haki hizi. Unamgusa hata mtoto wa Kikongo anayeongea Kiswahili huko Louisville, Kentucky. Na pale ambapo wazazi ni wa Oaxaca, Meksiko, wanaozungumza Kimixteko, lugha ya wenyeji wa huko, Kihispania cha mwanagenzi hakitawafikia hata akijitahidi vipi.

Mzigo huo una ndugu yake, kupachikwa kwenye kona. Mlatino hupewa idara ya wanaojifunza Kiingereza na kamati za wazazi, miaka inapita, na anapoomba usimamizi mkuu anaambiwa hana uzoefu wa fedha. Ndani ya miaka miwili hakikisha ameshiriki mzunguko mmoja mzima wa bajeti, ameketi upande wa wilaya kwenye mazungumzo na chama cha walimu, na ameona mradi mmoja wa majengo unaolipiwa kwa hati fungani, ambazo tangu mwaka 2000 zinaweza kupita kwa asilimia 55 ya kura. Aombe nafasi hizo kwa barua pepe, si koridoni.

Mwaka wa pili ni wa usaili: majaribio matatu, jopo la watu wanne, angalau wawili wasiomfahamu. Akifika kwenye mkataba wa msimamizi mkuu, asome kipengele cha muda kwanza. Sheria inaruhusu hadi miaka minne, na bodi isiyotoa taarifa ya maandishi angalau siku 45 kabla ya mkataba kwisha huwa imeurefusha kwa masharti yaleyale na muda uleule.