Bima ya safari ya meli ukiwa na saratani: kushusha bei bila kujichongea

Daktari wa meli ya kitalii ni wa kulipia. Kila dripu na kila kipimo cha damu kinaandikwa kwenye akaunti ya kabini yako, sambamba na kahawa na kinyozi, na bili unakabidhiwa siku ya kushuka. Kadi ya GHIC, ile ya bure inayompa mkazi wa Uingereza matibabu ya hospitali za serikali katika nchi za Umoja wa Ulaya, haimsaidii mtu akiwa baharini, na hata bandarini hailipii kumrudisha nyumbani. Kinachokula pesa hasa ni helikopta na ndege ya wagonjwa. Ndiyo maana kampuni nyingi za meli zinazouza safari Uingereza hazipandishi abiria asiye na bima, na nyingi hutaka ya matibabu isiyopungua pauni milioni 2, kusafirishwa kurudi nyumbani kukiwamo.

Mwongozo huu ni wa anayeishi Uingereza, kwa sababu huko nyongeza ya bei hufuata ugonjwa wenyewe. Marekani hesabu ni nyingine, tutaigusa mbele.

Karatasi kabla ya simu

Usiombe bei hata moja kabla hujaandika ukurasa mmoja wa historia yako. Chukua barua ya mwisho ya daktari bingwa wa saratani, fungua kumbukumbu zako kwenye programu ya simu ya NHS (huduma ya afya ya serikali ya Uingereza), uandike: aina ya saratani na mahali ilipo, mwezi na mwaka ilipogundulika, hatua yake, kama ilifika kwenye tezi za limfu au kiungo kingine, tarehe za upasuaji, kemo (tiba ya dawa za saratani) ya mwisho na mionzi ya mwisho, dawa unazomeza leo, siku ulizolazwa ndani ya miezi 12, vipimo unavyosubiri majibu yake. Chini yake orodhesha na magonjwa mengine: presha, sukari, pumu.

Sukari isikupite. Dexamethasone inayotolewa pamoja na kemo hupandisha sukari ya damu, na wapo walioandikiwa kisukari kwenye faili bila wenyewe kulitilia maanani. Siku ya dai, kampuni ya bima itaomba faili lako kwa daktari wa familia na kulilinganisha na majibu yako mstari kwa mstari. Kwa hiyo lisome wewe kwanza.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 2012 kuhusu bima za watu binafsi inatenganisha uzembe na udanganyifu. Ukidanganya makusudi, hulipwi kitu. Ukikosea kwa uzembe, na kampuni ingekupa bima hiyo kwa bei ya juu zaidi, dai linakatwa kwa uwiano. Tuseme ulilipa pauni 200 mahali ulipostahili kulipa 400. Bili ya hospitali ya pauni 30,000 utalipwa 15,000, na nyingine unaitafuta mwenyewe.

Maswali yenyewe, kwa simu au mtandaoni, huenda hivi:

— Saratani ya aina gani?
— Ya titi, la kushoto.
— Iligundulika lini?
— Machi 2023.
— Ilifika kwenye tezi za limfu?
— Ndiyo, mbili. Zilitolewa.
— Na sehemu nyingine ya mwili?
— Hapana.
— Unapata tiba yoyote kwa sasa?

Hapo kwenye swali la mwisho ndipo wengi wanateleza. Mtu aliyemaliza kemo na kupiga kengele ya kumaliza tiba wodini hujibu “hapana, nilishamaliza,” ilhali kila jioni anameza letrozole. Kwa bima, vidonge vya homoni ni tiba. Jibu lililokamilika ni: “Kemo niliimaliza Septemba 2023, mionzi Desemba 2023, nameza letrozole kila siku.” Mwanamume mwenye saratani ya tezi dume ambaye daktari kaamua kumfuatilia tu kwa vipimo vya damu vya PSA naye huteleza, kwa kudhani kwamba asiyetibiwa si mgonjwa. Ana saratani, na lazima aitaje.

Jambo la kwetu zaidi: mtoto ndiye anayemjazia mzazi fomu kwa sababu ya lugha, na katika familia zetu mara nyingi mmoja anajua hali ilivyo na mwingine amefichwa. Anayejaza lazima awe ameiona barua ya daktari. Kama mgonjwa hajaambiwa kwamba ugonjwa umesambaa, maongezi hayo yafanyike nyumbani kabla ya bima. Fomu haina mahali pa kuficha.

Lini ununue

Kinga dhidi ya kufuta safari huanza siku unaponunua bima, au siku utakayoitaja wewe mwenyewe kwa baadhi ya bima za mwaka mzima. Ukilipa kianzio cha meli leo na bima ukanunua baada ya miezi minne, miezi hiyo minne pesa yako iko wazi. Kwa upande wa pili, bei katikati ya kemo ni mbaya, na ukiwa unasubiri majibu ya kipimo kampuni nyingi zitakataa kabisa au zitakiacha nje chochote kitakachoonekana.

Suluhisho ni kuchelewesha kulipia meli. Omba bei ya bima kabla ya kulipa kianzio. Kama tiba inaisha baada ya wiki sita, subiri iishe, upate barua ya kipimo cha mwisho, ndipo uombe bei tena na kulipia vyote viwili siku moja. Chagua safari yenye kianzio kidogo. Salio kwa kawaida hudaiwa takriban siku 90 kabla ya kuondoka, na hadi hapo hasara yako ni kianzio tu.

Bima nyingi hukuruhusu kughairi ndani ya siku 14 na kurudishiwa pesa, mradi hujasafiri wala kudai. Zitumie siku hizo kusoma mkataba wote. Na hali ikibadilika baada ya kununua, dawa mpya au kipimo kilichoonyesha kitu, piga simu. Ukinyamaza hadi meli ing'oe nanga, umewapa sababu ya kutolipa.

Wapi pa kutafuta

Anza na ulichonacho. Akaunti za benki za kulipia kila mwezi mara nyingine huja na bima ya safari. Waulize kama inahusu meli na nyongeza ya saratani ni kiasi gani. Kisha nenda kwa wanaoshughulikia wagonjwa hasa. Tangu Aprili 2021 FCA, mamlaka inayosimamia kampuni za fedha Uingereza, inazilazimisha kampuni za bima kukuelekeza kwenye orodha ya kampuni maalumu pale zinapokukataa, kuitoa saratani nje ya kinga, au kukuongezea bei kupita kiwango kilichowekwa. Orodha hiyo iko kwenye tovuti ya MoneyHelper, huduma ya bure ya ushauri wa fedha, na chama cha madalali wa bima, BIBA, nacho kina yake. Huhitaji kukataliwa kwanza ndipo uitumie.

Kampuni nyingi zinatumia programu moja kati ya mbili, ya Verisk au ya Healix, kupima majibu yako. Programu inatoa alama. Kila kampuni inajiamulia alama hiyo ni pauni ngapi. Ndiyo sababu majibu yale yale yanaweza kukupa bei mbili zinazopishana mara tatu. Omba bei tano, siku moja, ukitumia ukurasa ule ule, na kwa kila moja andika namba ya kumbukumbu. Hakikisha bei imeshajumlisha kodi ya bima, asilimia 20.

Bei inashukia wapi

Eneo ndilo lenye uzito kuliko yote. Matibabu ya Marekani ni ghali mno, na bima huiweka Karibiani kundi moja nayo, kwa hiyo safari yenye bandari moja tu ya Karibiani inaingia kwenye daraja la juu la bei. Mgonjwa yule yule akichagua Norwe au Visiwa vya Canary atalipa pungufu sana. Angalia pia tafsiri ya “Ulaya” kwenye mkataba: baadhi huhesabu Uturuki, Misri na Moroko humo, baadhi hapana, na meli za Mediterania hupita huko.

Kiasi cha kwanza unachobeba mwenyewe kwenye kila dai, ukikipandisha, bei inashuka. Lakini soma kama ni kwa kila mtu na kwa kila kipengele, maana ukilazwa, ukapoteza begi na kukosa siku za safari, unaweza kukatwa mara tatu. Usikate bima ya gharama ya safari chini ya ulicholipa kweli. Punguza ya mizigo.

Bima ya safari moja kwa kawaida inamfaa mwenye saratani kuliko ya mwaka mzima, ambayo nyingi huweka kikomo cha siku 31 kwa safari na haziingizi meli bila nyongeza.

Wanandoa, ombeni bei mara mbili: pamoja, kisha kila mtu na yake. Mara nyingi kutenganisha ni nafuu. Ila mkataba wa mume asiye mgonjwa unaweza kukataa kumlipa akifuta safari kwa sababu ya ugonjwa wa mkewe uliojulikana tangu mwanzo. Waulize hilo hasa, na jibu mlipate kwa maandishi.

Halafu kuna bei tamu kuliko zote: bima inayoitoa saratani nje. Tunaipinga, kwa sababu mstari kati ya saratani na ajali haumo mikononi mwako. Mama mwenye saratani iliyoingia kwenye mifupa anateleza bafuni mwa kabini, nyonga inavunjika. Kwake ni sakafu yenye maji. Kampuni inasoma picha ya mionzi, inaona mfupa ulikuwa umeliwa, na dai linakataliwa. Damu kuganda mguuni baada ya ndege ndefu kwenda kupanda meli Miami: saratani na tiba zake huongeza hatari hiyo, kwa hiyo utaingia kwenye ubishi ule ule. Homa ya kawaida wakati kinga ya mwili imeshushwa na kemo, vivyo hivyo. Na kufuta safari kwa sababu ya saratani, jambo linalowezekana zaidi kuliko yote hayo, halilipwi.

Kipengele cha meli

Bima ya kawaida bila nyongeza ya meli haitoshi. Tafuta maneno haya: kuhamishwa mgonjwa kutoka melini hadi nchi kavu, kufungiwa kabini kwa amri ya daktari, kuachwa na meli bandarini, na bandari iliyorukwa. La kwanza halina mjadala. Hayo mengine ni ya starehe.

Ndugu anayetoka Dar es Salaam au Mombasa kuungana nawe hawezi kuingizwa kwenye bima yako. Mikataba ya Uingereza humtaka mkazi aliyesajiliwa kwa daktari huko, na safari ianzie na kuishia huko. Atafute yake nyumbani.

Kama meli inapita Mombasa na Zanzibar, ni eneo la dunia bila Marekani, Kanada na Karibiani, kwa hiyo si bei ya juu kabisa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wageni wanaoingia Zanzibar hudaiwa bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa siku 92. Hiyo ni ya Zanzibar tu. Haichukui nafasi ya bima yako ya safari. Iulize kampuni ya meli jinsi bima hiyo inavyowahusu abiria wake. Chanjo ya homa ya manjano ni ya virusi hai, haipigwi wakati wa kemo, basi omba hati ya msamaha wa kitabibu mapema.

Ukiwa Marekani

Huko bei hufuata zaidi umri, siku na gharama ya safari. Saratani inashughulikiwa kwa njia ya msamaha, yaani kampuni inakubali kutoutoa nje ugonjwa uliokuwapo: nunua bima ndani ya siku 14 hadi 21 tangu malipo ya kwanza, kutegemea kampuni, ukate bima ya gharama yote isiyorudishwa, na uwe na afya ya kusafiri siku hiyo ya kununua. Ukichelewa, wataangalia nyuma siku 60 hadi 180 kwenye faili lako. Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, hulipia daktari wa meli tu kama meli iko bandari ya Marekani au haizidi saa 6 kutoka hapo.

Ukiugua, na wakikataa

Piga namba ya dharura ya bima kabla ya kukubali kuhamishwa hospitali. Isipokuwa ni suala la uhai, kuhamishwa bila idhini yao kunaweza kukugharimu dai. Beba kadi ya benki yenye pesa ya kutosha, kwa kuwa bili ya daktari wa meli kwa kawaida unailipa mwenyewe kisha unadai. Omba ripoti yake iliyosainiwa kabla ya kushuka. Dawa zikae kwenye begi la mkononi.

Dai likikataliwa, andika malalamiko kwa kampuni. Ina wiki 8 kutoa jibu la mwisho. Usiporidhika, au wiki zikipita kimya, nenda kwa Financial Ombudsman Service, msuluhishi huru wa migogoro ya fedha, bila malipo, ndani ya miezi 6 tangu tarehe ya barua hiyo ya mwisho. Ambatanisha ule ukurasa mmoja, na namba ya kumbukumbu ya siku ulipojibu maswali.