Mvulana Anayekojoa kwa Matone: Mzazi wa Nairobi Afanye Nini

Nepi iliyolowa haithibitishi kwamba njia ya mkojo iko wazi. Mvulana aliyezaliwa na utando ndani ya mrija wa mkojo, chini kidogo ya kibofu, anaweza kulowesha nepi kutwa nzima kwa matone, huku kibofu kimefurika na figo zikiumia kwa mkojo usio na pa kutokea. Kasoro hii huwapata wavulana pekee, takriban mmoja kati ya 5,000 hadi 8,000.

Kwa hivyo mvue nepi umtazame akikojoa. Mkojo ukidondoka ama kukatikakatika, mtoto akijikamua, au ukipapasa chini ya kitovu na kukuta uvimbe mgumu hata baada ya kukojoa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Akiwa na homa, akitapika au akikataa kunyonya, usingoje kuche: kwa mtoto mchanga maambukizi ya mkojo huingia kwenye damu haraka. Asiyekojoa ndani ya saa 24 tangu azaliwe achunguzwe kabla hamjaruhusiwa kwenda nyumbani.

Pengine ultrasaundi ya ujauzito ilishaonyesha figo zote mbili zimetanuka na maji ya uzazi ni machache. Maji hayo yakipungua mno mapafu hayakui vizuri, basi panga kujifungulia penye wodi ya watoto wachanga na daktari wa upasuaji wa watoto, kama Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Beba ripoti zote mwenyewe.

Jambo la kwanza hospitalini ni kuutoa mkojo, upasuaji hufuata. Hutumika mpira mwembamba, mara nyingi ule wa kulishia watoto, saizi 5 hadi 8. Wenye puto haupendelewi, kwani puto huchokoza kibofu na linaweza kuziba matundu ya mirija itokayo figoni. Kizuizi kikiondoka, figo huweza kumwaga maji na chumvi kupita kiasi, kwa hiyo tafadhali usimtoe wodini eti kwa kuwa sasa anakojoa. Kreatinini, taka ya kwenye damu inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, ikipimwa siku mbili za kwanza tangu azaliwe huakisi damu ya mama. Ni lazima ipimwe tena. Eksirei ya kibofu, inayopigwa mtoto akikojoa dawa ya kuonyesha njia, ndiyo huthibitisha. Kisha utando hukatwa kwa kamera nyembamba. Mrija ukiwa mdogo mno kwa kamera, hufunguliwa tundu la muda chini ya kitovu.

Utando ukishakatwa, kliniki haziishi. Andika kila kipimo cha kreatinini: ikishuka chini ya maikromoli 70 kwa lita katika mwaka wa kwanza, ni dalili njema, ikikwama juu ya 88, hatari ya figo kushindwa baadaye ni kubwa.

Akikua, akojoe kila baada ya saa 2 au 3 hata kama hajabanwa, asubiri kidogo, kisha ajaribu tena. Wengi huendelea kujikojolea wakiwa shuleni. Ni kibofu kilichoharibika, si ukaidi, na kumchapa ni kumwonea. Wala usimnyime maji ili akauke usiku, kwa sababu figo hizi hupoteza maji hata asipokunywa. Mwandikie mwalimu barua: aruhusiwe kwenda msalani bila kungoja kengele, na anywe maji wakati wowote.