Kuzamia na ribritha Mwanza: hatua kwa hatua, pamoja na historia iliyozileta hatua hizo

Ribritha ni kifaa cha kuzamia kinachokurudishia pumzi yako mwenyewe. Ukitoa pumzi, haipotei kama mapovu. Inapita kwenye kopo la chokaa linalonyonya hewa ukaa, inaongezewa oksijeni kidogo, halafu unaivuta tena. Ndiyo maana mitungi yake ni midogo. Mzamiaji wa mtungi wa kawaida anatumia lita 20 hivi za hewa kwa dakika akiwa juu, na akifika mita 30 anatumia karibu mara nne ya hizo. Mwili wake, hata hivyo, hauhitaji zaidi ya lita moja hivi ya oksijeni kwa dakika kwa kazi ya wastani, awe mita 3 au mita 30. Zilizobaki zote ni mapovu.

Niseme mapema: kazi nyingi za chini ya maji hapa Mwanza hazihitaji mashine hii. Kukata wavu uliojiviringisha kwenye propela, kukagua nguzo za gati, kutafuta injini iliyodondoka, mtungi wa kawaida unatosha na ni salama zaidi. Ribritha ina faida pale unapotaka kukaa muda mrefu bila kelele, hasa kuangalia samaki. Na mwongozo huu hauchukui nafasi ya mwalimu. Kila aina ya mashine ina kozi yake, na cheti cha aina moja hakikuruhusu kutumia nyingine.

Hatua ya 1: Elewa kwa nini mwili hautakuonya

Hapa ndipo wanafunzi wengi wanataka kupita haraka. Mimi siwaachii.

Mwaka 1878 Mwingereza Henry Fleuss, aliyekuwa baharia wa meli za biashara, alitengeneza kifaa cha kwanza cha aina hii kilichofanya kazi vizuri. Alitumia oksijeni tupu, na kunyonya hewa ukaa alitumia nyuzi za kamba zilizolowekwa kwenye potashi kali. Mwaka 1879 handaki lililokuwa linachimbwa chini ya mto Severn lilijaa maji. Mwaka 1880 mzamiaji Alexander Lambert alivaa kifaa cha Fleuss, akatembea gizani mita 300 hivi ndani ya handaki na kufunga mlango wa chuma. Wazamiaji waliotumia mpira wa hewa kutoka juu walikuwa wameshindwa, maana mpira ulikuwa mzito kuuburuta umbali huo.

Mwaka uleule wa 1878, Mfaransa Paul Bert alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba oksijeni yenye presha kubwa ni sumu na huleta degedege. Habari hizo mbili hazikukutana kwa muda mrefu, na wazamiaji ndio waliolipa gharama. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari Kenneth Donald wa jeshi la majini la Uingereza alifanya majaribio mengi kwa wazamiaji wa kujitolea. Aligundua kwamba mtu aliyevumilia presha fulani leo anaweza kuanguka kwa presha ileile kesho. Kwa hiyo usiseme "mimi huwa navumilia".

Upande wa pili wa hatari ni oksijeni pungufu. Kile kinachokufanya uhisi kukosa pumzi ni hewa ukaa kuongezeka. Ribritha inaiondoa hewa ukaa yote, kwa hiyo oksijeni ikiisha ndani ya mzunguko unaendelea kupumua kwa raha mpaka unazimia. Hakuna kuhema wala kichwa kuuma. Ukilielewa hili, hatua zote zinazofuata hazihitaji kukaririwa.

Hatua ya 2: Jaza chokaa

Chokaa ya soda ni chembe ndogo zenye kalsiamu haidroksaidi kwa wingi, sodiamu haidroksaidi kidogo, na maji. Maji hayo ni sehemu ya dawa, kwa sababu hewa ukaa lazima iyeyuke kwanza ndipo inaswe. Kwa hiyo usianike chokaa juani eti imeshika unyevu. Ikikauka haifanyi kazi. Ihifadhi kwenye chombo kilichofungwa kabisa, mbali na joto.

Mimina kidogo kidogo, gongagonga ubavu wa kopo, ongeza, gonga tena, mpaka chembe zisicheze. Ukiacha nafasi, pumzi itapita hapo bila kusafishwa. Andika saa kwa kalamu kwenye utepe na uubandike kwenye kopo. Katika mashine nyingi kilo mbili na nusu hutoa saa tatu hivi, lakini fuata kitabu cha mashine yako. Mtungi wa oksijeni wa lita 3 uliojazwa bar 200 una lita 600, kwa hiyo kitakachokwisha kwanza ni chokaa. Usichanganye ya jana na ya leo kwa kubana matumizi.

Maji yakiingia kwenye kopo utavuta uji mkali unaounguza koo. Ndiyo maana baada ya kufunga tunapima mara mbili: tunavuta hewa yote kuona kama mifuko ya pumzi (inayopokea pumzi unayotoa) inabaki imenywea, kisha tunajaza kuona kama inabaki imevimba.

Hatua ya 3: Seti sensa kwa presha ya Mwanza

Vifaa vya oksijeni tupu haviruhusu kwenda chini sana. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani Walter Starck na John Kanwisher walitoa Electrolung, kifaa kilichotumia sensa za umeme kupima oksijeni na kuiongeza chenyewe kwenye mchanganyiko. Mashine za leo zimetokana na wazo hilo. Nyingi zina sensa tatu, na moja ikitofautiana na mbili nyingine inatiliwa shaka.

Sasa sikiliza vizuri kama umejifunzia Dar es Salaam au Zanzibar. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa hapa ni kama bar 0.88, wakati pwani ni 1.01. Matokeo yake ni haya:

Kwanza, sensa iliyokupa milivolti 10 kwenye hewa ya Dar itakupa kama 8.7 hapa. Haijafa, usiitupe. Kipimo cha kweli ni uwiano: kwenye oksijeni safi inapaswa kutoa karibu mara 4.8 ya ilichotoa kwenye hewa. Hewani 9, kwenye oksijeni 43 hivi. Uwiano huo hauathiriwi na mwinuko. Sensa isiyofika hapo imechoka, hata kama tarehe yake bado.

Pili, hakikisha kompyuta ya mashine imejua presha ya hapa. Kama bado inadhani iko baharini, utakapoona 1.3 kwenye skrini (presha ya oksijeni unayovuta, kwa bar) ukweli utakuwa 1.1 na kidogo. Maana yake unavuta naitrojeni zaidi ya unavyohesabu, na mpango wako wa kupanda si sahihi tena.

Tatu, ukiwa juu ya maji huku, hata oksijeni tupu haifiki 0.9. Ukiweka kiwango cha 1.0 ukiwa kwenye mtumbwi, solenoidi (vali ya umeme inayoingiza oksijeni) itafunguka na kufunguka ikitafuta kitu kisichowezekana, na mtungi utaisha. Weka 0.7 kwa juu, panda 1.2 au 1.3 ukishafika kina.

Hatua ya 4: Mtungi wa dharura

Desemba 1987 Mmarekani Bill Stone, mzamiaji wa mapangoni, alikaa saa 24 chini ya maji kwenye chemchemi ya Wakulla, Florida, kwa mashine aliyoibuni yenye mifumo miwili kamili. Wewe huna mifumo miwili. Una mtungi wa kawaida ubavuni wenye hewa ya kutosha kukufikisha juu, na ndio mfumo wako wa pili. Huo hauachwi kwenye boti.

Hatua ya 5: Pumua ukiwa umekaa

Kaa chini, ziba pua kwa barakoa, pumua kwenye mashine dakika tano huku macho yako kwenye skrini. Angalia kama oksijeni inashuka na kurudishwa. Usitegemee kwamba utagundua chokaa mbovu kwa kuhisi, wengi hawahisi. Anayezimia hapa anazimia kwenye benchi, na mwenzake yuko pembeni.

Hatua ya 6: Kushuka, na unachokikuta

Waambie watu wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo) ya mwalo kabla hujaingia. Mtu mweusi tii anayeibuka karibu na nyavu za watu atahesabiwa mwizi. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa, usizamie huko bila ruhusa. Beba mkasi, kwa sababu nyavu za sangara zilizotelekezwa zipo na hazionekani. Kwenye ghuba mara nyingi unaona mita moja au mbili tu. Visiwa vya nje kidogo ni afadhali.

Kitu cha kwanza utakachokosa ni udhibiti wa mapafu. Kwenye mtungi wa kawaida ukivuta pumzi unapanda kidogo, ukitoa unashuka. Hapa hewa inahama tu kutoka kwenye mfuko kwenda kifuani, na wewe unabaki palepale. Wazamiaji wazoefu ndio huhangaika zaidi siku za mwanzo. Pumzi ni ya joto na yenye unyevu, koo halikauki. Kisha kuna ukimya. Unasikia solenoidi ikibofya, na injini ya boti kabla hujajua iko upande gani.

Ukimya huo ndio jeshi la Italia lilioutumia Desemba 1941, wazamiaji sita walipoingia bandari ya Alexandria bila povu hata moja na kuharibu meli kubwa mbili za kivita za Waingereza. Sisi tunautumia kuangalia furu, samaki wadogo wa ziwa hili. Kwenye miamba ya Ghuba ya Mwanza wako mbipi, furu wa mawe, akiwamo Pundamilia nyererei aliyepewa jina la Mwalimu. Dume lake ni jekundu mgongoni na njano ubavuni. Ukipuliza mapovu wanajificha kwenye nyufa. Ukitulia na ribritha wanarudi kugombania maeneo yao mbele ya uso wako. Watafiti wamegundua kwamba maji yakiwa machafu majike hawatofautishi rangi vizuri, na aina mbili zinazoishi jirani huanza kuzaliana. Ukitazama kwa muda mrefu utaona kwa nini rangi ni jambo kubwa kwao.

Wakati wote huo, tazama skrini kila dakika. Samaki ni wazuri mno, na hilo lenyewe ni hatari.

Hatua ya 7: Kupanda

Watu hudhani maji ya kina kifupi ni salama. Kwa ribritha ni kinyume. Ukipanda kutoka mita 10 hadi juu ya ziwa hili, presha inashuka chini ya nusu, na oksijeni unayovuta inashuka nayo. Aliyekuwa na 0.3 kule chini anafika juu na 0.14 au pungufu, na anaweza kuzimia. Simama, angalia namba, ongeza oksijeni kwa mkono kama inahitajika, ndipo upande taratibu.

Hatua ya 8: Baada ya maji

Tupa chokaa iliyotumika, suuza mipira na mifuko kwa maji safi na dawa ya kuua vijidudu, ning'iniza kivulini. Maji ya ziwa yasibaki ndani.

Usipande ndege kwenda Dar kabla ya siku kamili kupita, maana naitrojeni iliyobaki mwilini inaweza kugeuka mapovu presha ya hewa ikishuka. Na barabara ya Arusha kupitia Serengeti ni vilevile, kwani ukingo wa Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200. Kabla ya safari yoyote ya kuzamia, jua chemba ya presha (ya kumtibia mzamiaji aliyepatwa na mapovu hayo) iliyo karibu iko wapi na utafikishwaje.

Mwisho, kichocho. Vazi zima la mpira linapunguza hatari, haliiondoi. Dawa ya prazikwanteli inaua minyoo iliyokomaa, kwa hiyo kuimeza jioni ileile hakusaidii. Nenda hospitali wiki sita hadi nane baadaye, na mwambie daktari kwamba huwa unazamia.