Takwimu ikitajwa kwenye podikasti, simamisha kwanza
Wenzangu wa Tanga mnaosikiliza podikasti ndani ya daladala ya Pongwe: mgeni akitaja takwimu, simamisha, ujiulize inalinganishwa na nini, na tangu lini. Mtu akisema mkoa wetu umeongeza watu zaidi ya nusu milioni, hajadanganya. Sensa ya 2012 ilihesabu 2,045,205, ya 2022 ikahesabu 2,615,597. Lakini hiyo ni miaka 10, tena ni kama asilimia 28, wakati nchi nzima iliongezeka takriban asilimia 37. Kumbe tumekua taratibu kuliko wengine! Mazungumzo mengi mazuri yanapotea hapo. Ripoti za sensa zinapatikana bure kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Pakua ya mkoa wako, ikae kwenye simu.