Kupima nyayo zinazowaka moto

Natafiti moyo na maumivu sugu ya neva. Wengi ninaowapima hapa Mji wa Kale, Mombasa, wana kisukari. Presha kwanza: mgonjwa akae kimya dakika 5, mkono usawa wa moyo, upime mara 2.

Miguu ndiyo isiyotaka haraka. Kupima ganzi, mguse mkononi kwa uzi wa nailoni wa gramu 10 (unaopinda ukibonyezwa kwa nguvu ya gramu 10) ili aujue, kisha afumbe macho. Bonyeza chini ya kidole gumba cha mguu mpaka uzi upindike, uondoe. Epuka ngozi yenye sugu. Usimwulize "umesikia?" kila ukigusa, aseme mwenyewe.

Bi mmoja wa Kibokoni hakuusikia uzi, ilhali usiku nyayo zamwaka kama makaa. Andika yote mawili, ganzi na moto.