Kidumu cha lita tano cha petroli ya akiba kwenye Boxer, na asali isinuke

Mteja wangu wa Singida alifungua dumu, akanusa, akanitazama usoni. "Kaka, nyuki wako siku hizi wanakunywa petroli?"

Sikuwa nimemwaga hata tone. Nilichofanya ni kile tunachofanya wote: kidumu cha mafuta ya akiba, kile cha njano kilichokuwa na mafuta ya kupikia, kifuniko nimekikaza kwa kipande cha mfuko wa nailoni, kisha nikakifunga kwa mpira juu ya dumu la asali la lita 20. Jua likawaka, barabara ikatikisa, kidumu kikahema njia nzima, na asali ikanywa ile harufu. Dumu zima likarudi nyumbani. Watoto wenyewe walilikataa.

Mimi hununua asali vijijini, kutoka Itigi naingia Mitundu, Mwamagembe, mara nyingine hadi Rungwa. Ni sehemu ya ile barabara inayotoka Mkiwa kwenda Makongolosi, wilaya ya Chunya, ambayo yote kwa jumla inazidi kilomita 400. Mwaka ule wa aibu ya Singida ndipo nilipokaa chini nikajifunza kubeba petroli kama mtu anayebeba petroli, si kama anayebeba maji. Nayaandika haya kwa wenzangu wa pikipiki za Boxer, TVS na ndugu zao, wale tunaokwenda mbali bila gari la kutufuata nyuma.

Kabla ya kutafuta kidumu, jiulize kama unakihitaji. Wengi hawakihitaji. Jaza tenki hadi shingoni, andika namba ya mita kwenye plasta, ibandike juu ya tenki. Ukishatembea kilomita mia na kitu, jaza tena hadi palepale, gawa kilomita kwa lita zilizoingia. Fanya hivyo kwa safari unayoifanya kweli, ukiwa na mzigo wako kweli. Yangu kwenye lami, nikiwa peke yangu, ilinipa kilomita 47 kwa lita. Kwenye mchanga, na madumu mawili ya asali, ilinipa 31. Tofauti hiyo ndiyo inayowalaza watu porini, kwa sababu kichwani wanabeba hesabu ya lami.

Mzunguko wangu, pamoja na kuchepuka kuingia vijijini, ni kama kilomita 390. Gawa kwa 31, inakuja lita 12 na nusu na kidogo. Tenki langu linabeba 11. Pungufu haifiki lita mbili. Ongeza ya kupotea njia, ya kuzunguka daraja lililokatika, ya kumsaidia mwenzako aliyekwama: nabeba lita nne na nusu. Sibebi kumi. Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi, kwa hiyo akiba yangu haifiki kilo nne. Anayebeba lita 20 "kwa usalama" amejipakia karibu kilo 15 za kitu kinachoshika moto hata kwenye baridi kali, na pikipiki yake inakunywa zaidi kwa sababu ya uzito huohuo.

Sasa kidumu chenyewe. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, ile wanayouzia petroli vijijini, itakufikisha kutoka dukani hadi kwenye tenki lako lililosimama pale nje, basi. Ni nyembamba, hutoboka ikisuguana na chuma, na kifuniko chake hakikutengenezwa kuzuia mvuke. Ubaya wake mkubwa ni kwamba inafanana na chupa ya kinywaji. Mtoto mwenye kiu hasomi kilichomo.

Dumu la njano la mafuta ya kula ni gumu kidogo, lakini ugonjwa wake uko kwenye kifuniko. Nailoni tunayoweka si dawa. Nilimwomba fundi anikatie washa, ule mviringo wa mpira unaokaa ndani ya kifuniko, kutoka kwenye tyubu ya tairi, ikakaa vizuri kweli, nikafurahi. Baada ya wiki mbili niliitoa imevimba na kulegea kama kipande cha ini. Mpira wa tyubu na petroli havielewani. Washa iwe ya mpira unaovumilia mafuta, wa aina wanayofungia koki ya tenki. Duka la spea wanaijua.

Nilichonunua mwishowe ni kidumu kilichotengenezwa kwa ajili ya mafuta ya gari: plastiki nene, kifuniko chenye washa yake, mdomo wa kumiminia unaofungwa kando. Vipo na vya chuma, ndugu wadogo wa yale majerikani ya lita 20 ambayo jeshi la Wajerumani liliyabuni miaka ya 1930. Cha chuma kinavumilia jua, ila kagua kutu ndani, maana kutu hiyo inakwenda moja kwa moja kwenye kabureta. Chochote utakachochukua, kijaribu kwa maji: jaza, funga, kilaze kifudifudi juu ya gazeti usiku kucha. Asubuhi gazeti likiwa na doa, kirudishe dukani. Kikifaulu, kikaushe mpaka ndani, maji kwenye petroli ni safari ya kusukuma. Halafu kipake rangi nyekundu, andika PETROLI pande zote mbili, na kuanzia siku hiyo kisiguse asali, maji wala mafuta ya kupikia.

Kuhusu kujaza. Usigombane na kijana wa pampu akikataa kukujazia kidumu. Sheli nyingi zinakataa, na wana sababu. Pale wanapokubali, shuka, zima injini, kitoe kidumu kwenye pikipiki, kiweke chini kwenye sakafu. Usijazie kikiwa juu ya pikipiki, juu ya kiti cha bajaji au kwenye mfuko wa salfeti. Petroli inapotiririka hujikusanyia umeme tuli, ule unaokurusha ukivua sweta la nailoni, na kidumu kilichokalia ardhi hupunguza hatari ya cheche kuruka mdomoni. Mdomo wa pampu uguse mdomo wa kidumu muda wote, mwambie ajaze polepole. Simu ibaki mfukoni.

Wala usijaze hadi juu. Petroli hutanuka karibu asilimia moja kwa kila nyuzi 10 za joto. Asubuhi ya Julai huku kwetu unatetemeka ndani ya koti. Saa nane mchana kidumu kilichokaa juani huwezi kukishika kwa muda. Lita tano zikipanda nyuzi 25 zinaongezeka kama kikombe kidogo cha kahawa, na juu yake kuna mvuke unaotafuta pa kutokea. Ndiyo maana kidumu changu cha lita tano kinabeba nne na nusu.

Pa kukifunga ndipo nilipohangaika zaidi. Nimeona watu wakikivaa mgongoni kwenye begi: ukianguka, umeanguka na bomu lako, na likivuja linakuvujia wewe. Nimeona kikining'inia kwenye usukani, kinapiga tenki na kuvuta usukani upande mmoja. Nyuma kabisa, mwisho wa keria, kila shimo linakirusha, na gari likikugonga nyuma kinaguswa cha kwanza. Upande wa kulia wa Boxer kuna ekzosi, hapo hakuna mjadala.

Kinakaa kushoto, chini, karibu na miguu ya abiria, juu ya mnyororo lakini mbali nao kiasi cha kiganja. Fundi wa kuchomelea alinitengenezea kikalio cha flatibaa: sahani ya chini yenye kingo, na mkono mmoja wa kukizuia kisiende mbele. Alipimia kidumu kipya ambacho hakijawahi kuona mafuta, kisha tukakiweka mbali, tukafungua na tenki la pikipiki tukalipeleka kivulini, nje ya karakana. Usimpelekee fundi kidumu kilichokwisha mafuta ukadhani ni salama. Kitupu kinatisha kuliko kilichojaa, kwa sababu ndani kuna mvuke na hewa, mchanganyiko uleule unaolipuka ndani ya silinda. Nao mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hautaruka juu ukapotea, unatambaa chini mpaka ukutane na cheche za mashine.

Kwenye kufunga, mikanda ya turubai miwili yenye vibano vya chuma, mmoja kwa wima, mwingine kwa ulalo. Mpira wa tyubu nauongeza juu kama msaidizi tu, maana ukipata joto unalegea. Ile mipira yenye ndoano za chuma nimeiacha. Ndoano moja ilinitobolea dumu la asali, ingeweza kuwa ya petroli. Kati ya kidumu na chuma weka kipande cha tairi kuukuu. Barabara yetu ina vituta vidogovidogo visivyoisha, na msuguano wa saa sita unaweza kula plastiki nene kama msasa. Juu yake nafunika kiroba cheupe cha kukinga jua, nikiacha chini wazi hewa ipite. Mfuko mweusi wa nailoni unakipika.

Kilomita 20 za kwanza nasimama nikaze upya. Kila safari mkanda unakuwa umelegea, kila safari. Na nikiwa na kidumu sibebi abiria. Mguu wake ungekuwa palepale.

Mafuta ya akiba yamimine mapema. Watu wengi husubiri pikipiki izime ndiyo wafungue kidumu, tena katikati ya pori. Mimi ninapofika kama kilomita 160 tenki lina nafasi ya lita nne na nusu, kwa hiyo nasimama kwenye kijiji kinachofuata na kuhamishia. Tenki ndicho chombo bora cha mafuta ulichonacho. Kidumu kitupu nakifunga imara, kinaendelea kukaa mahali pake.

Lakini usimimine injini ikiwa bado moto. Tenki limekaa juu ya silinda, kitakachomwagika kinatiririkia hapo. Zima, nunua chai, maliza chai. Sogeza pikipiki mbali na jiko la mama ntilie na mbali na mwenye sigara. Simama upande upepo unakotokea. Kifuniko kifungue robo mzunguko kwanza, uso ukiwa pembeni, kitatoa pumzi kama soda. Ngoja kinyamaze ndipo umalizie. Tumia faneli yenye kitambaa cha kuchujia. Kama kijiji kiko mbali na unalazimika kumimina porini upande wa Rungwa, jua kwamba mbung'o wanafuata chombo kinachotembea, na ukisimama wanakuwa wamefika. Mtu anayejipiga kofi shingoni huku kashika kidumu atamwaga tu. Vaa mikono mirefu, na usivae bluu wala nyeusi. Wanazipenda rangi hizo.

Kunyonya mpira kwa mdomo ili mafuta yashuke, acha. Petroli ikiingia kwenye mapafu inaunguza vibaya. Aliyemeza asilazimishwe kutapika, maana ikipanda inapata nafasi ya pili ya kuingia kifuani. Apelekwe zahanati haraka.

Ukilazimika kununua ya chupa dukani, inyanyue juani uitazame. Maji hukaa chini, utaona mstari. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli safi hukauka upesi bila kuacha kitu, iliyochanganywa na mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Serikali ina vinasaba vinavyowekwa kwenye mafuta vya kuwakamatia wachakachuaji, ila hivyo vinataka kifaa. Wewe una karatasi.

Nguo ikimwagikiwa, ivue na uianike mbali kabla ya kuwasha chochote. Pikipiki ikishika moto, iache. Kama ni moto mdogo na mchanga uko mkononi, rushia mchanga, usirushie maji, yataueneza. Nasema iache kwa sababu tunajuana: tuna mikopo, tuna mzigo, tunarudi kuokoa. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, watu walikuwa wanachota petroli ya lori lililopinduka, wengi wao madereva wa bodaboda, na zaidi ya 100 walipoteza maisha. Nilikuwa bado bodaboda mwaka huo. Kijiweni kwetu siku ile hakuna aliyetania.

Usiku, gesti, kidumu hakilali chumbani na mimi, hata kikiwa kitupu. Namwomba mwenye nyumba kona ya nje yenye kivuli, mbali na jiko, mbali na genereta, na mbali na watoto. Wengine wanakataa, basi nalala kwingine.

Lile dumu la asali lililorudishwa niliwahi kuliosha kwa sabuni, majivu, ndimu, likaendelea kunuka. Nililikata katikati. Nusu ya juu, yenye shingo, ndiyo faneli ninayomiminia petroli mpaka leo.