Stendi ya Chungu cha Maua kwa Mtindo wa Miaka ya 1950
Stendi hii ya miguu minne iliyonyooka haihitaji karakana. Pima chungu mahali kilipo kipana zaidi, kisha kata vipande viwili vya mninga vinavyozidi upana huo kwa milimita 5, pamoja na miguu minne ya sentimita 40. Kazi yenyewe imo katika msalaba, yaani vile vipande viwili vinavyopishana na kuumana katikati: katikati ya kila kipande chonga kwa patasi mtaro wenye kina cha nusu ya unene wake, ukikata ndani kidogo ya mstari wa penseli, kwa maana mtaro uliobana husuguliwa kwa msasa ukaingia, ilhali uliolegea hauna dawa. Toboa ncha za msalaba na miguu kwa keekee, uviunganishe kwa vijiti vya mbao na gundi, na uifunge kwa kamba usiku kucha. Paka vanishi mara mbili, hasa kwenye nyayo, ambako maji ya kumwagilia hutuama.